Sura ya Nne: Mbu wa Mzee Waya

Inspekta alikuwa na desturi aliyoianza siku ya kwanza kuvaa sare. Kabla ya kubisha hodi kwa mshukiwa, alisimama kidogo, akafumba macho, na kumwomba Mungu amwonyeshe kilichopo, si kile anachotaka yeye kukiona. Ijumaa hiyo, saa saba na nusu mchana, alisali hivyo mbele ya nyumba ya Mzee Waya. Mkobani alikuwa na kibali cha kuchukua redio zote za mzee huyo na kuzifikisha kituoni kabla ya saa kumi.

Nyumba ilijitambulisha yenyewe. Waya mwembamba ulitoka kwenye mlingoti nyuma ya jiko, ukapita juu ya bati, ukaishia kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Kwa waya huo, mzee, fundi simu mstaafu, alipoteza jina lake la ubatizo, na mtaani akapata hilo jipya.

Kesi ilikuwa nyepesi kuieleza. Jumanne jioni inveta ya zahanati, ile inayoendesha friji ya chanjo kwa nguvu za jua, ilitoweka. Chanjo zilinusurika kwa sababu muuguzi mkuu alizikimbiza zahanati ya jirani ndani ya sanduku la barafu. Mtunza stoo, aliyegundua wizi huo, alitaja mshukiwa hata kabla hajaulizwa: Mzee Waya. Kwa miaka miwili mzee alikuwa ameandika barua saba akilalamika kwamba inveta ile inamharibia redio. Mtunza stoo alizileta zote, zikiwa zimepangwa vizuri, ukurasa mmoja mmoja.

Mke wa mzee ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama Inspekta, akautazama mkoba, akaelewa.

"Mwanangu," alisema, "ukizichukua redio, mchukue na mwenyewe. Siwezi kukaa naye mchana kutwa bila hizo. Ataanza kunirekebishia masufuria."

Alimpeleka chumba cha nyuma, kidogo kama stoo lakini safi kuliko sebule. Juu ya meza kulikuwa na redio kubwa ya kupokea na kurusha, iliyounganishwa na betri ya gari, na pembeni redio ndogo ya mkononi. Kuta hazikuonekana rangi. Zilifunikwa na mamia ya kadi zilizotumwa kwa posta kutoka pembe zote za dunia, nyingine zina milima, nyingine meli, moja ina picha ya mbwa aliyevaa visikizio. Juu ya dirisha zilining'inia saa mbili. Moja ilionyesha saa saba na nusu, sawasawa na ile ya mkononi mwa Inspekta. Nyingine ilionyesha saa nne na nusu. Mtu aliyekaa na saa mbovu ukutani bila kuitengeneza, naye ni fundi, alimshangaza kidogo. Aliliandika hilo daftarini. Aliandika kila kitu, na ndiyo maana kituoni walimwita Mama Daftari.

Mzee Waya aliinuka, visikizio vikiwa shingoni, akamkaribisha kiti, akabaki amesimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa kwa sauti ya mtu aliyelifanyia mazoezi. Kila Ijumaa saa kumi na nusu, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akizungumza hewani na mwanamume mmoja anayelinda kituo cha hali ya hewa kwenye kisiwa cha mbali. Hawajawahi kuonana. Huitana Kaka. Sasa Kaka wa Kisiwani amestaafu, na kesho anahamia kwa binti yake, ghorofa ya sita, ambako mwenye jengo hataki kusikia habari ya antena. Leo ndiyo mara ya mwisho.

"Kaka akiniita leo na nisiitikie," mzee alisema, "atadhani nimekufa. Au nimemchoka. Sijui lipi ni baya zaidi."

Inspekta alimwambia kwamba hilo halimo mikononi mwake, ila muda uliobaki atautumia kuchunguza. Akaomba daftari la redio.

Hapo mzee alichangamka. Alimweleza kwamba mrushaji wa redio wa ridhaa huandika kila mazungumzo: tarehe, saa, masafa, amesikika vipi. Kisha pande mbili hutumiana kadi za kuthibitisha. Yeye aliandika hata kelele, kwa kuwa msikilizaji wa masafa mafupi huishi na kelele kama vile mkulima aishivyo na magugu. Kelele ya inveta ya zahanati aliipa jina: Mbu. Ilikuwa na sauti nyembamba isiyokoma, na kila baada ya sekunde kumi na moja ilikwama kidogo, kama mtu mwenye kwikwi.

Inspekta alifungua ukurasa wa Jumanne, akitafuta mstari ambao polisi waliomhoji mzee Jumatano walimtajia, na kidole chake kikasimama. Mstari mmoja ulisema: *13:42, Mbu amenyamaza ghafla. Mungu ni mwema.*

Alirudi kwenye kurasa zake mwenyewe. Muuguzi mkuu aliapa kwamba Jumanne saa kumi kamili jioni alisoma kipimajoto cha friji na taa ya inveta ilikuwa inawaka. Mtunza stoo aliikuta haipo saa kumi na moja. Lakini mzee alikuwa ameandika kwamba Mbu amenyamaza saa 13:42, yaani saa saba na dakika arobaini na mbili mchana, zaidi ya saa mbili kabla. Mtu hawezi kusikia kitu kikizimika kabla hakijazimika. Anaweza tu kuandika mapema jambo alilopanga kulifanya, akakosea saa.

Moyo ulimshuka, maana mzee alikuwa amekwisha kumpendeza. Alitoa kibali mkobani akakiweka mezani.

"Utavua visikizio mwenyewe," aliuliza, "au nikuvue?"

Mzee alivivua taratibu, akaukunja waya wake kwa adabu kama anayekunja leso. Inspekta akatazama pembeni ili asimtazame usoni, na macho yake yakaangukia kadi iliyobandikwa karibu na mlango. Ilikuwa na picha ya mnara na miti iliyoinama kwa upepo. Kadi ya Kaka wa Kisiwani. Nyuma ya kioo kidogo cha plastiki maandishi yalisomeka: Ijumaa, tarehe fulani, saa 13:30, umesikika vizuri sana.

Inspekta aliisoma mara mbili. Kisha akafungua daftari la mzee, Ijumaa ya wiki iliyopita. *13:30, Kaka.* Ijumaa ya kabla yake. *13:30, Kaka.*

"Mzee," alisema, "umeniambia mnazungumza saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Na hapa mmeandika saa saba na nusu. Wote wawili. Miaka yote."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa. Kisha akapiga paji la uso. Akaonyesha ile saa ya ukutani iliyochelewa. Haikuwa mbovu. Ilikuwa saa ya dunia, saa moja wanayoitumia warushaji wote popote walipo, ili wa mashariki asimpoteze wa magharibi. Hapa kwao iko nyuma kwa saa tatu. Alikuwa ameishi nayo muda mrefu hata akasahau kwamba watu wengine hawaandiki kwa saa hiyo. Polisi walipokuja kumhoji Jumatano aliwasomea daftari kama lilivyo, na hakumwona yeyote akishangaa.

"Walishangaa," Inspekta alisema. "Ndiyo maana niko hapa."

Akahesabu kwa vidole kama mwanafunzi. Saa 13:42 ya dunia ni saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni. Baada ya muuguzi kuiona inveta, kabla mtunza stoo hajaikosa. Mzee hakuwa ameandika uongo. Alikuwa ameandika dakika hasa ambayo mwizi alichomoa waya. Na mstari wa juu yake ulionyesha kwamba kuanzia 13:38 hadi 13:55 alikuwa hewani akizungumza na mwalimu mmoja wa kaskazini ya mbali, ambaye naye, bila shaka, aliandika.

Mke wa mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anafuta kitasa, alicheka hadi akaegemea ukuta. Alisema miaka arobaini ameolewa na mtu anayekula chakula cha mchana saa nne, na hakuna aliyewahi kumwonea huruma.

Inspekta hakucheka bado. Alikuwa amegeuza ukurasa. Jumatano: *11:04, Mbu amerudi. Amedhoofika. Upande mwingine?* Alhamisi: *11:01, Mbu tena.*

Saa 11:04 ya dunia ni saa nane na dakika nne mchana. Na kila mtu mtaani alijua kinachotokea saa nane. Tangu wiki iliyopita umeme ulikuwa wa mgawo, ukikatwa kila siku saa nane hadi saa kumi na mbili.

Mzee alieleza kwa furaha isiyofichika. Umeme ukikatika, mtaa mzima hununa, yeye hushangilia, maana mashine zote, runinga zote na chaja zote hunyamaza kwa pamoja, na redio husikia mpaka miguu ya sisimizi. Katika ukimya huo, sasa, kuna kitu kimoja tu kinacholia.

"Inveta haijatoka mtaani," Inspekta alisema polepole. "Ipo hapa hapa, na mtu anaitumia umeme ukikatika. Mzee, huyo Mbu anaweza kutafutwa?"

"Nilikuwa nangoja mniulize tangu Jumatano."

Saa nane kamili feni ya sebuleni ilisimama. Mzee alichukua ile redio ndogo, akafungua mlango, na Mbu akasikika, mwembamba, mkaidi. Inspekta alitazama mshale wa sekunde wa saa yake. Sekunde kumi na moja, kwikwi. Kumi na moja tena, kwikwi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Ndani ya redio ndogo kuna kijiti cheusi cha kudaka mawimbi. Mzee aliigeuza redio taratibu kama anayefungua bomba hadi sauti ikafifia kabisa. Pale inapofifia, alisema, ncha ya kijiti inaelekea kwenye kelele. Inspekta alichora mstari daftarini. Upande mmoja ulielekea karakana ya mchomeleaji wa vyuma, upande wa pili nyuma ya soko. Mzee alianza kusema jambo kuhusu ncha mbili, lakini Inspekta alikuwa amekwisha kuanza kutembea. Mchomeleaji ananunua vyuma chakavu, ana mikasi ya kukatia kufuli, na aliwahi kuwekwa ndani siku mbili kwa sababu ya geti lisilokuwa lake. Kwa polisi huyo ni mtu wa kuanzia.

Mchomeleaji alikuwa amelala chali juu ya benchi, umeme hamna, kazi hamna. Alipowaona alifungua jicho moja.

"Mzee Waya, hatimaye wamekukamata? Nilijua tu. Mtu anayesikiliza maongezi ya watu wa mbali hawezi kuwa na mwisho mwema."

Mzee alimjibu kwamba si yeye aliyekamatwa, bali wamekuja kumtafuta mbu. Mchomeleaji alisema mbu wako wengi, wachague wanayemtaka. Akawaacha wapekue. Inspekta alifungua makabati mawili na pipa moja, akapata mabawaba, mkate mkavu na viatu visivyofanana. Wakati huo mzee alisimama mlangoni na redio yake. Mbu alikuwa amefifia. Hapa alisikika kwa shida kuliko pale nyumbani.

"Nilitaka kusema," mzee alisema, "mstari una ncha mbili. Redio haikuambii mbele ni wapi."

Inspekta aliomba radhi kwa mchomeleaji, akaandika makosa yake mwenyewe daftarini kwa mwandiko ule ule wa makosa ya wengine, na kutazama saa. Saa tisa kasoro kumi.

Walikwenda sasa upande wa soko. Kila hatua mia Mbu aliongezeka nguvu. Kwenye kona ya duka la vitabu mzee aligeuza redio tena, Inspekta akachora mstari wa pili, na mistari miwili ikakutana daftarini kwenye nyumba moja yenye geti la kijani. Walipoikaribia mzee alilazimika kupunguza sauti. Watu wa dukani waliwatazama wakipita, mwanamke wa sare na mzee aliyeinamia redio inayolia kama jino linalotobolewa.

Mbele ya geti Inspekta alisimama, akafumba macho. Mzee aliona, naye akavua kofia.

Aliyefungua alikuwa mama mchangamfu mwenye manyoya madogo ya njano kwenye nywele. Alisema karibuni, karibuni, lakini mkanyage polepole. Uani kulikuwa na banda, na ndani yake sanduku kubwa la mbao lenye kioo na balbu. Mashine ya kutotolea mayai. Nusu ya mayai yalikuwa yamepasuka, na vifaranga walikuwa wakisukumana chini ya mwanga kama abiria waliofika. Pembeni, juu ya matofali mawili, ilikaa inveta. Mahali pa namba palikuwa pamekwanguliwa na msumari.

Inspekta hakuigusa. Aliuliza tu, kama anayesifu, ameipata wapi.

Mama hakuwa na la kuficha. Kaka yake alimletea Jumanne jioni. Umeme ulipoanza kukatwa alilia sana, siku kumi na sita mayai yamo ndani, yote yangekufa. Kaka akamwambia zahanati wana inveta ya akiba, wamekubali kuazima mpaka vifaranga watoke.

"Na kaka yako anafanya kazi gani, dada?"

"Ni mtunza stoo pale zahanati. Hajakuambia?"

Mzee Waya alifungua mdomo. Inspekta alimwinulia kidole kimoja. Zahanati haikuwa na inveta ya akiba, alijua, lakini maneno ya dada peke yake kaka angeweza kuyakana. Alimwomba mama atulie, akatoa simu yake, akampigia mtunza stoo. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna inveta imepatikana, aje aitambue. Iko kwenye nyumba yenye geti la kijani nyuma ya soko.

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa. Kisha mtunza stoo akauliza, kwa sauti ndogo:

"Vifaranga wazima?"

"Wazima," Inspekta alisema. "Njoo nawe salama kama wao."

Alikuja kwa miguu, ameshika kofia. Hakukana. Alisema alikusudia kuirudisha Jumatatu, na kwamba alijua muuguzi angezihamisha chanjo mara moja. Alipoogopa kuulizwa maswali, barua za mzee zilikuwa karibu. Inspekta alimuuliza kuhusu barua hizo, maana jambo moja lilimsumbua tangu alipofungua daftari la mzee: mzee anayeandika hata kelele hawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja. Mtunza stoo aliinamisha kichwa. Kila barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Kwenye kurasa hizo mzee alikuwa akiomba aruhusiwe aje afunge vipete vitatu vyeusi kwenye nyaya za inveta, bure, kazi ya dakika tano, na kelele ingekwisha. Mtunza stoo hakumpelekea muuguzi barua hata moja, kwa uvivu tu, na zilipofaa kumsingizia mtu alizileta bila mkia.

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," alisema, "mimi ningeyaweka mayai kwapani kuliko haya." Akaingia jikoni bila kumtazama, akawasha mkaa, akaanza kujaza chupa maji ya moto na kuzifunga kwa khanga kuukuu, moja moja, kuzunguka sanduku.

Chupa zilipokamilika Inspekta alizima inveta. Redio mkononi mwa mzee ilikata sauti kama aliyezibwa mdomo. Namba iliyokwanguliwa nje ilikuwapo nzima ndani ya kifuniko, nayo ililingana na ile ya hati ya kupokelea mali. Aliandika maelezo, mama akaweka sahihi, mtunza stoo akaweka yake, na askari wawili wa zamu wakafika kumchukua pamoja na inveta kama kidhibiti. Mzee Waya hakuyaona mengi ya hayo. Alikuwa akitazama saa ya mkononi mwa Inspekta, kichwa chini.

"Saa kumi na dakika kumi na mbili," Inspekta alisema. "Au niseme 13:12. Mzee, unaweza kukimbia?"

Hawakukimbia, lakini hawakuwa mbali na kukimbia. Mkewe aliwaona kutoka mbali akafungua milango yote miwili. Saa ya dunia ilionyesha dakika moja kabla ya nusu mzee alipovaa visikizio, akavivua, akachomeka spika ili wote wasikie.

Kulikuwa na ukimya mpana. Hakuna runinga, hakuna chaja, hakuna Mbu. Kisha sauti ya mwanamume ikaja kutoka ng'ambo ya maji yote, karibu kama mtu aliyekaa kitandani, ikimwita Kaka.

Mzee alijibu. Kaka wa Kisiwani alicheka, akauliza kama amehama, maana kwa miaka miwili hajawahi kumsikia akielewa jambo kwa kuambiwa mara moja. Mzee alimwambia kwamba mbu amekamatwa na polisi. Waliongea habari za upepo, za magoti, za binti na ghorofa yake ya sita. Kisha wakaanza kuagana.

Ndipo mke wa mzee, bila kuacha kukunja shuka, akauliza kama kwenye ghorofa hiyo wanakataza hata redio ya kusikiliza tu.

Wanaume wawili wenye miaka kumi na tisa ya maarifa hawakuwa wamelifikiria hilo. Mwenye jengo alikataza antena ya kurushia. Redio ndogo na kipande cha waya dirishani hakuna wa kuvikataza. Mzee alibonyeza kitufe.

"Basi Ijumaa nitasema mimi, Kaka. Saa ile ile. Wewe sikiliza, uniandikie kadi."

"Nitakuandikia zote," sauti ilisema. "Nani mwingine yuko hapo? Nasikia mtu anapiga chafya."

Mzee alimsogezea kipaza sauti Inspekta, ambaye manyoya ya vifaranga yalikuwa bado yanamwasha pua. Inspekta alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa na leseni ya kurusha, alisema, na leo amekwisha kumshika mtu mmoja kwa kutumia kitu kisicho chake. Mzee alimfikishia Kaka maneno hayo, na kicheko kilichorudi kilipasua spika.

Kusikiliza hakuhitaji leseni. Inspekta alikata ukurasa daftarini mwake, akakiweka kile kibali kisichotumika chini yake ili apate pa kuandikia, na kuandika ripoti yake ya kwanza ya msikilizaji: tarehe, masafa, umesikika vizuri sana, hakuna kelele. Kwenye nafasi ya saa aliandika kumi na nusu, akatazama ukutani, akaifuta kwa mstari mmoja ulionyooka, na kuandika 13:30.